Niliandika Jina la Mume Wangu kwa Mkono Wangu

Admin, naomba jina langu lisionekane, na wanaonijua wakinitambua wakae kimya. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwalimu wa shule ya msingi hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, nina mume na watoto wawili. Siandiki ili mnihurumie. Naandika kwa sababu Jumatatu inakaribia na sijui la kufanya.

Mwezi uliopita nilikwenda Mocímboa da Praia kufuatilia cheti changu cha kuzaliwa. Mume wangu angenifuata kesho yake, tukae siku nne, nimwonyeshe mji: msikiti wa zamani, nyumba za Wareno zenye baraza zilizobomoka, soko ambalo unauliza bei kwa Kiswahili unajibiwa kwa Kireno. Tulibishana sana wapi tulale. Yeye alitaka pensão, nyumba ya wageni karibu na bandari.

"Pensão unalala, unaamka, unaondoka," aliniambia. "Kwa ndugu utaingizwa kwenye mambo yao."

Nikamjia juu. Shangazi yangu, dada wa baba, yuko mji huohuo, amenilea miaka miwili, halafu mimi nikalale pensão kama sina watu? Tena Shangazi mwenyewe alishapiga simu mara tatu kusisitiza tufikie kwake. Nikashinda mimi, kama kawaida yangu, nikatangulia na mabegi yote mawili.

Huku kwetu tangu vita ilipoingia, mgeni halali mahali mpaka mwenyeji apeleke jina lake kwa chefe wa bairro, kiongozi wa mtaa. Chefe anataka karatasi ya Kireno na kopi ya kitambulisho, anagonga muhuri, anakurudishia utembee nayo njiani. Shangazi Kireno anakisikia lakini hakiandiki. Sijavua hata viatu, kaniletea kalamu.

"Niandikie wewe, mwalimu. Waandike wote wawili, wewe na mumeo, nisiende mara mbili. Miguu inaniuma, mwanangu."

Nikaandika. Mwandiko wangu mzuri, siringi, nikaandika vizuri kabisa jina la mume wangu chini ya langu. Nikampa na kopi za vitambulisho. Ile ya mume wangu ilitoka vibaya, uso wote doa jeusi.

Asubuhi mume wangu akapiga simu, kazini wamemzuia, haji tena. Nikataka niende kwa chefe amfute. Shangazi akanishika mkono. "Wacha, mwanangu. Ukifuta ndiyo wataanza kutuuliza." Nikawacha, ila nikaanza kuona mambo. Mwanamke anayeishi peke yake anapika sufuria la watu wanne. Chumba cha uani kina kufuli jipya. Nilipouliza akasema ni panya. Jirani akanisalimia, akaniuliza, "Na shemeji naye hajambo?" Nikajua ni heshima tu, nikajibu hajambo.

Siku ya tatu kwenye ofisi ya vyeti wakasema mtandao haupo, nikarudi saa nne asubuhi. Chumba cha uani kilikuwa wazi. Mwanaume amekaa mkekani anakula, amevaa shati la mume wangu, nililolileta mimi begini. Alikuwa Amade, mtoto wa Shangazi, aliyepotea wakati wa vita. Tulishamsomea hitima, na mimi nililia mpaka sauti ikakauka.

"Dada, usipige kelele," alisema. "Mimi nduguyo."

Nikamuuliza miaka yote hiyo alikuwa wapi, waasi walimchukua au alikwenda kwao mwenyewe. Alimaliza tonge lake, kisha akauliza taratibu, "Pale Mute, njia ya Palma, askari bado wanasimamisha magari?" Labda ni swali la mtu anayetaka kurudi kwa watu. Labda sivyo. Sijalala vizuri tangu siku ile kwa ajili ya swali hilo.

Shangazi akaingia na ndoo ya maji, hata hakushtuka. "Ukimtaja, umemuua wewe," akaniambia. "Nimemzaa huyu mmoja tu."

"Shangazi, kumbe ndiyo maana ulitaka nije?"

"Nilitaka uje kwa kuwa wewe mwanangu. Hilo jingine limekuja humo humo."

Nilimkasirikia na kumhurumia kwa wakati mmoja. Nikafunga begi siku ileile, nikadai karatasi ya mume wangu yenye muhuri. Akasema anayo Amade.

Nyumbani sikusema kitu. Mume wangu alipouliza shati lake, nilidanganya kuwa nimelisahau kwenye kamba. Juzi Shangazi akapiga simu. "Nduguyo katoka, anakuja huko. Hana pa kufikia ila kwako." Simu ikakatika, na tangu hapo haipatikani.

Jana mume wangu akarudi kutoka kazini na furaha zake. Jumatatu wanamtuma Mocímboa, gari litapita Mute asubuhi. Safari hii, kasema, analala pensão, hataki kesi na Shangazi. Alicheka sana. Mimi nikaenda jikoni nikalia huku maji ya ugali yanachemka.

Sasa njia ile moja ina wanaume wawili wenye jina moja, mume wangu na Amade mwenye ile karatasi, na aliyeliandika ni mimi. Nikienda kwa askari, Shangazi atamzika mwanawe kweli safari hii, na huenda kijana hana kosa. Nikimwambia mume wangu, namjua, atakwenda kusema siku hiyohiyo. Nikinyamaza, watamshusha baba wa watoto wangu kwenye gari pale Mute, watamuuliza yeye ni yupi kati ya hao wawili, na hatakuwa na jibu, kwa kuwa mkewe hakumwambia. Ndugu zangu mnaosoma, ingekuwa nyinyi, mngemwambia nani? Nijibuni leo, msingoje Jumatatu.