Makasha Yaliyokataa Kuoza

Sheria ya kukataza mifuko ya plastiki ilipofika mtaani kwetu Magarama, watu waliipokea kama wanavyopokea kila sheria: waliitikia kwa kichwa, kisha wakaificha mifuko yao chini ya godoro. Aliyeshangilia nilikuwa mimi. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili nyuma ya duka la mama mmoja Mkongomani wa Uvira, aliyeuza ndagala, yaani dagaa wakavu, unga na mawese, na mle ndani nilikuwa nahangaika na maganda makavu ya migomba, yale tunayoyaita ibirere kwa Kirundi. Niliposikia plastiki imekatazwa, nikajiona tajiri tayari.

Kazi yenyewe haikuwa siri. Unaloweka maganda, unayanyoosha, unayapanga mawili mawili, nyuzi za moja zikikatiza nyuzi za lingine. Unayashikisha kwa gundi ya unga wa muhogo, unapitisha pasi ya mkaa, halafu unapaka nta ya nyuki. Linatoka kasha jepesi, gumu, lenye mfuniko. Tulikuwa wanawake wanne, wote tuliokulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na siku nzuri tulitengeneza makasha thelathini, kama pasi haikuunguza mawili matatu na kama hatukupata mtu wa kumsengenya.

Mama wa Uvira ndiye aliyekuwa mteja wetu na hakimu wetu. "Mi niko nauliza kitu moya tu, dada," aliniambia akilinusa kasha nje na ndani. "Mutu akifunga ndagala mu iyi kitu, harufu itabaki ndani ao itatembea paka ku kanisa?" Tukaongeza nta. Akaridhika, akaagiza makasha mengi kuliko mikono yetu minane ilivyoweza. Ikawa lazima tupate mashine ya kukandamiza.

Mashine ilikuwepo, mikononi mwa mradi mmoja uliosaidia vikundi vya watu waliorudi nchini. Watu wa mradi walikuja na fomu. Ukurasa wa nne ulitaka uthibitisho kwamba bidhaa yetu, ikizikwa kwenye udongo wa shamba, itaoza ndani ya miezi mitatu. Niliusoma mara mbili. Mimi nimezaliwa kwenye migomba, nimekimbizwa kutoka kwenye migomba, nimerudi kwenye migomba, na sijawahi kukutana na mtu mwenye shaka kwamba ganda la mgomba huoza. Lakini mwenye mashine ndiye mwenye maswali. Tusipothibitisha, mashine ingekwenda kwa wasusi wa vikapu wa Buraza, ambao, niseme ukweli, walikuwa na nidhamu kutushinda.

Uani kwetu Magarama kulikuwa na saruji tupu, kwa hiyo nikabeba makasha kumi na mawili hadi Muyinga, kwa mama yangu. Yeye alirudi kabla yangu, akawa anaishi peke yake kwenye shamba letu la zamani. Baba tulimwacha kaburini Tanzania.

Hapo ndipo nilipofanya ujanja ambao ulikuwa ujinga. Mama alikaa kambini miaka mingi. Kwake kopo lililotoboka huwa koroboi, na koroboi ikiharibika huwa kipimo cha maharage. Ningemwambiaje kwamba nimekuja kuzika makasha mapya kumi na mawili, tena yenye mifuniko? Angepiga magoti aniombee. Nikasubiri aende kanisani, nikachimba nyuma ya migomba, nikayapanga vizuri, nikafukia, nikachomeka kijiti cha alama. Aliporudi nikanywa naye uji, nikamwambia nina haraka, nikaondoka. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini siku hiyo sikuwa na nafasi ya kuwasikiliza.

Baada ya miezi mitatu nikaenda na wageni wawili wa mradi: dada mmoja mwenye kamera, na bwana mmoja mwenye viatu vyeupe aliyewahi kusoma Dar es Salaam. Mama akatupokea vizuri, akatuletea viti, kisha akaingia ndani asitoke. Yule bwana akasema atachimba mwenyewe ili kusiwe na upendeleo. Akachimba. Kukatoka minyoo. Akachimba tena. Kasha hata moja halikuonekana.

Nikajiambia: yameoza yote! Nikaanza kueleza kwa sauti ya kitaalamu juu ya rutuba ya udongo wa Muyinga na unyevu wake, mambo niliyokuwa nayasikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwangu. Dada akalipiga picha shimo tupu kutoka pande zote. Mara jembe likainua kitu cha buluu. Ulikuwa mfuko wa plastiki, mzima, maandishi yake bado yanasomeka. Bwana akatabasamu, akasema hiyo ndiyo picha atakayoipeleka kwa wakubwa. Kwa mawazo yangu nilikuwa nimeshaishika mashine mpini.

Ndipo mama akatoka ndani na kikapu kichwani. Akakitua miguuni mwa wageni, akafunua kitenge chake cha Jumapili kilichokifunika. Makasha kumi na mawili, makavu, yamefutwa udongo, kila moja na mfuniko wake.

Bwana akaliokota moja, akalibonyeza, akalisifu kwa ugumu wake, akatoa daftari. Nilisoma mwandiko wake nikiwa upande wa pili: *Hayakuoza.*

Hasira zilinipanda, nikasahau kwamba kuna wageni. "Mama, nani alikuambia uyafukue?"

Kwa kawaida huniambia mambo kwa Kirundi. Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili cha kambini, polepole, kila mtu asikie.

"Baba yako alizika sufuria na majembe hapo hapo, nyuma ya migomba. Ninyi mlikuwa mnacheza. Kesho yake tukakimbia. Miaka yote ile alikuwa akisema tutarudi tuvichimbue, na hakurudi. Sasa amani ipo, watu wanajenga, nami nakuta binti yangu amezika vitu vipya nisipokuwepo, akaweka na alama, akaniaga mbio mbio. Ulitaka nifikiri nini? Nilijua umesikia jambo huko mjini, unakimbia, na safari hii hunichukui."

"Kwa hiyo ukafukua?"

"Nikafukua. Nilitaka ukirudi kuvichukua, usipite pembeni. Uje mlangoni kwangu, uniombe."

Kumbe ndiyo sababu alikuwa ananipigia simu kila jioni kuniuliza niko wapi, nami nikimjibu kwa mkato kwamba niko kazini. Niliona aibu, aibu ya kweli, mbele ya viatu vyeupe na kamera. Bwana akafunga daftari, akasema kwa upole kwamba kanuni ni kanuni. Mashine itatangulia Buraza. Sisi tuzike upya, naye atakuja tena.

Walipoondoka, mama alichukua jembe akasimama juu ya shimo.

"Vinachukua muda gani kuoza?"

"Miezi mitatu, mama."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Hapa. Nitahamia hapa na pasi yangu, nikae mpaka viishe."

Akanipa jembe.

"Basi chimba chini zaidi," alisema. "Huko chini vitu huoza polepole."