Freshi Zote Kati ya Uyole na Kihesa

Asubuhi hiyo nilitoka chumbani kwangu Uyole na begi moja, bila kujua naenda wapi. Nilikuwa nimeuchoka ukuta tu. Lori la viazi la kwenda Dodoma lilikuwa limeshapakia, dereva akanipungia nipande.

"Breki vipi, kaka?"

"Freshi."

Shule niliiacha kidato cha pili, lakini Kiingereza hicho nakijua: freshi ni maziwa ya leo, si breki. Breki zake, mteremko wa kwanza tu, zililia kama mbuzi wa sikukuu. Nikaanza kuzihesabu freshi. Makambako niliuziwa hindi la kuchoma freshi, gumu kama kokoto. Baadaye mke wa dereva akapiga simu. Nilivyosikia, alikuwa anafungasha vyombo vyake ahame. "Freshi, mama," dereva alimjibu, akakata, akakanyaga mafuta mpaka Mafinga.

Jua linazama akanishusha Kihesa. Nikapata nyumba yenye chumba kitupu, ila mama mwenye nyumba akagoma kunipa ufunguo.

"Mpaka mjumbe akuone. Mimi silazi mgeni asiyeandikwa."

Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa bibi muuza vitenge, akaja na daftari lake kwapani. Baridi ilishaanza kuniuma masikio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimeambiwa unatoka Uyole. Huko mmeagana vipi?"

"Freshi."

Akafunga daftari. "Hata wezi hujibu hivyo. Nipe namba ya mtu wa huko. Huna, kalale stendi."

Namba niliyokuwa nayo ni moja tu, ya mama aliyenipangisha Uyole. Nilikuwa nimeondoka bila kumuaga, ufunguo nimeuacha mlangoni. Bibi akapiga, akaweka spika, akajitambulisha na kunitaja.

"Yuko hai?" sauti ikafoka. "Tangu asubuhi tunamtafuta, hadi hospitali tumeenda! Mwambie ni mpumbavu!"

"Mwizi je?"

"Mwizi? Huyo? Hata kuiba ataona uvivu. Mpokeeni, mama yangu, ila msimwamini akisema anarudi sasa hivi."

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaandika mistari mingi, si jina langu tu, akamwambia mwenye nyumba, "Mpe ufunguo."

"Umekula?" mwenye nyumba akaniuliza.

Nikafungua mdomo kujibu kama kawaida yangu, nikamwona bibi bado ananitazama.

"Sijala, mama. Hindi moja tu, na lenyewe nusu nimetupa."

Akaniwekea kiti jikoni.