Fundo la Nyasi la Hmingthanga

Nilikuwa nikimenya machipukizi ya mianzi jirani yetu Vanlalthlana, tuliyezoea kumwita Thlana, alipoingia uani, amelowa hadi kifuani, akasema kaka yangu Hmingthanga amefia kijitoni. Sikumuuliza amekufaje. Betri ya gari aliyovulia samaki kwa umeme ilikuwa ndani ya kikapu mgongoni mwake, na nyaya zake zilikuwa bado zinachuruzika maji.

Kaka alivua kambare wa mawe kwa miaka thelathini. Ni samaki wa urefu wa kidole, wenye mikunjo kifuani ya kushikia mwamba; maji ya mlimani yashuke kwa fujo namna gani, hawang'oki. Aliwatoa kwa mikono, amelala kifudifudi, kisha akalirudisha kila jiwe upande ule ule. Watu wakimcheka kwamba anawatandikia samaki kitanda, aliwajibu, "Wewe ukivamiwa nyumbani, hupendi angalau mlango urudishiwe?"

Kwetu, anayeingia kijitoni hufunga fundo la nyasi penye njia, ili mwingine asitie sumu wala umeme. Thlana aliapa mbele ya mchungaji kwamba hakuona fundo. Nilishuka mwenyewe nikalikuta, limenyauka kwa jua. Tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu: aseme kweli kabla kaburi halijafungwa.

Kesho yake wanaume walipoanza kuchimba, naye akaja na jembe. Desturi yetu haimkatazi mtu kuchimba kaburi la jirani. Mimi nilimkataza. Mzee wa kanisa akaninong'oneza habari za kusamehe saba mara sabini. Nikamwambia aya hiyo naijua, naye aniache.

"Fundo uliliona?" nilimuuliza Thlana mbele ya watu.

Alitazama jembe lake. "Niliona limenyauka, dada. Nikadhani ni la jana."

"Kwa hiyo uliapa uongo mbele za Mungu."

"Niliapa."

"Basi chimba. Lakini wakati wa kumfukia, wewe usitupe hata konzi ya udongo."

Alichimba hadi mwisho, akatoka, akasimama nje ya uzio tulipokuwa tukiimba. Mchungaji aliomba kwa ufupi kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja. Wanaume wakafukia. Niliweka jiwe bapa la kijitoni upande wa kichwani, ukoga ukiwa juu kama lilivyokuwa majini. Kisha tukarudi nyumbani.