Hondohondo wa Mringaringa

Juzi niliingia kwa fundi seremala pale Kimandolu kuagiza kabati. Akaniwekea ubao mbele. "Huu mringaringa, mama. Siku hizi kuupata ni kazi." Nikamwambia anitengenezee la paina tu, nikatoka.

Wewe uliyekulia chini ya Mlima Meru utanielewa. Shamba la bibi yangu lilikuwa na kahawa, migomba juu ya kahawa, na juu ya vyote mringaringa mmoja mkubwa. Mbega walishuka kutoka msituni kutuibia ndizi, vinyonga walijaa kwenye ua wa masale, na asubuhi hondohondo, ndege wa midomo mikubwa, walipiga kelele hata redio haisikiki. Nikitoka kukata majani ya ng'ombe nilimwona dume akileta matunda ya mkuyu. Jike alikuwa ndani ya tundu la mringaringa na makinda, amejiziba kwa udongo, ncha ya mdomo tu nje. "Yule baba anajua wajibu wake," bibi alikuwa akisema, huku akimtupia jicho baba yangu mdogo.

Zikaja zama za ruksa, biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaingia na mizani yao, bei ya kahawa ikaanguka, na baba mdogo akaona mali iko kwenye nyanya. Nyanya hazitaki kivuli. Akauuza mringaringa kwa mtu wa mbao.

Bibi hakugombana. Alichuma jani la sale, akalipiga fundo, akampa mwanawe kwa mikono miwili. Kwetu ukipewa sale hukatai; hata aliyeua husamehewa kwalo. "Ngoja ndege atoke tu, baba. Kisha ukate." Baba mdogo akalipokea, akalitia mfukoni. Kesho yake tukasikia msumeno.

Dume aliendelea kuja na matunda, akizunguka pale palipokuwa na mti. Nilimchukia baba mdogo, na sijamaliza kumchukia. Bibi yeye aliacha kumwitikia. Kila asubuhi, "Shikamoo, mama." Baba mdogo hakusikia marahaba tena.

Nyanya ziliteketea kwa ukungu. Mbega hawashuki, vinyonga sijui waliishia wapi, na wanangu wanamjua hondohondo kwa picha tu.

Siku tuliyomzika bibi, baba mdogo alikuja na jani la sale, amelipiga fundo. Watu waliondoka wote, yeye akabaki amesimama kaburini, amelishika kwa mikono miwili.