Sauti za Baba Ndani ya Diski Mbili

Saa tatu asubuhi, mlango wa kibanda uko nusu wazi na fundi keshakaa. Mezani kuna kompyuta iliyofunuliwa ubavu, brashi ya vumbi, na diski mbili za SSD, zile zisizozunguka ndani, nyepesi kuliko kipande cha sabuni. Anazishika kwa ncha za vidole, anaziweka, anazishika tena.

Mtaani wanamwita Mama Pacha, ingawa mtoto wake ni mmoja, binti wa miaka minne. Jina limetokana na kazi. Hamwachii mteja aondoke na mashine yenye diski moja bila kumbembeleza aongeze ya pili. Wageni humuuliza pacha hawajambo, naye hujibu kuwa hawajambo, wanasumbua tu.

Leo mashine iliyo mezani ni yake mwenyewe. Na ndani ya hizo diski yumo mume wake.

Mume ni mchomeleaji. Aliondoka kwenda kazini nchi ya mbali mkewe akiwa na mimba, na mkataba ambao ungeisha mapema umeongezwa mara mbili. Kila Ijumaa hujirekodi akizungumza na mwanawe: leo kachoma bomba gani, kala nini, kaona ndege wa rangi gani juu ya kreni. Simu ya mama hujaa haraka, kwa hiyo yeye huzihamishia sauti hizo kwenye kompyuta ya kibandani.

"Mtoto hajawahi kumshika baba yake hata kidole," anasema, macho yakiwa kwenye bisibisi. "Ila ukimwigizia anavyokohoa kabla ya kuanza kuongea, anakwambia huyo ni baba."

Mwezi uliopita umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Ubao mkuu wa kompyuta, ambao mafundi huuita mazabodi, uliungua palepale. Diski zilitoka salama, na jirani yake kibandani, mdogo wa mumewe anayetengeneza simu, alimpa pole ya haraka na kumwambia ashukuru Mungu, azichomeke kwenye mashine nyingine.

Haikuwa rahisi hivyo. Diski zile ziliunganishwa kwa RAID, mpango wa kuandika kitu kilekile kwenye diski mbili, moja ikifa nyingine ibaki. Lakini mpango huo ulisimamiwa na mazabodi iliyoungua, na ilikuwa na mwandiko wake. Mashine nyingine haikuusoma. Iliona diski tupu, ikauliza kwa adabu zote kama iziandae zianze kutumika.

Shemeji alikuwa keshapeleka kidole kwenye ndiyo. Mama Pacha alimdaka mkono. Kuandaa ndiko kufuta, na fundi wa simu hakulijua hilo.

"Alinifinya mpaka nikaona nyota," anasema shemeji huyo kutoka meza ya pili. "Kaka akirudi nitamwonyesha alama."

"Akirudi mwonyeshe," anajibu Mama Pacha. "Muhimu arudi."

Alizunguka kwa wauza vyuma chakavu na vifaa vya mtumba mpaka akapata mazabodi ya aina ileile, imekunjika pembe moja. Jana aliiwasha. Sauti zilifunguka. Shemeji anasema alimkuta ameegemeza shavu kwenye spika, akasingizia anasikiliza kama inakwaruza.

Mazabodi hiyo ya kuokoteza haitadumu. Anajenga mashine mpya, na hapo ndipo wawili hao wanapovutana tangu asubuhi. RAID isimamiwe na mazabodi mpya, ambayo inayo ndani yake tayari, au na kadi ya pembeni inayochomekwa?

Mama Pacha anaitaka kadi. Mazabodi ikiungua, anaeleza, unachomoa kadi na diski zake, unahamia mashine nyingine kama mtu anayehama na godoro lake. Kadi yenyewe ameshaipata, ya mtumba.

Shemeji anauliza kadi nayo ikiungua itakuwaje. Itabidi itafutwe ya aina ileile, anakiri Mama Pacha. Tena amekwishaijaribu kwa diski nyingine zisizo na kitu: ilitengenezwa enzi za diski za kuzunguka, na hizi mpya inazipunguzia mwendo. Kwa diski mbili tu, mazabodi inaifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

"Kwa hiyo unajua jibu," anasema shemeji.

"Najua."

"Shemeji, wewe unatafuta kadi isiyokufa. Hiyo bado hawajaitengeneza."

Simu inaita, ni mapumziko ya mchana huko aliko mume. Mpaka leo Mama Pacha alikuwa hajamwambia kilichotokea. Anamwambia sasa, huku anafuta meza ambayo ni safi. Mume anacheka kidogo. Anasema hata zingepotea asingehangaika, angerekodi upya.

"Ile ya kwanza huwezi," mkewe anamwambia. "Ile ulimwita 'wewe mwenzangu nisiyekujua'. Ulikuwa hujui kama ni wa kiume au wa kike. Sasa unamjua. Utaisemaje tena?"

Upande wa pili inasikika mitambo. Kisha mume anakohoa, kama anavyokohoa kila Ijumaa, na kumwomba amtumie ile ya kwanza. Anataka aisikie.

Binti anarudi kutoka chekechea, mkoba ukimpiga magotini. Anapanda kwenye stuli, anauliza baba yuko kwenye diski ipi.

"Zote mbili, mwanangu."

"Basi moja tulale nayo."

Mama Pacha anaitazama kompyuta. Mazabodi au kadi, vyovyote vile diski zote mbili zingebaki ndani ya boksi moja, kwenye kibanda kimoja, chini ya umeme uleule. Anairudisha kadi kwenye mfuko wake. Anachukua diski ya tatu, isiyo na RAID yoyote, inayosomeka kwenye mashine yoyote, na kuinakilia sauti zote kupitia mazabodi ya kuokoteza; ndipo anapofunga zile mbili kwenye mazabodi mpya, ziandaliwe upya na kurudishiwa sauti. Hiyo ya tatu itakaa nyumbani, kabatini, ndani ya soksi ya mtoto.

Mume anasema safari hii hatasaini nyongeza. Ameshasema hivyo kabla. Mama Pacha hata hivyo amepima ukuta wa kibanda. Anataka upanuliwe, mchomeleaji apate pa kuweka mashine yake.

"Natamani ifike Ijumaa moja asitume kitu," anasema. "Nikisubiri, niambiwe yuko jikoni, anagombana na mwanawe kuhusu kikombe."