Aliyemwinua Mzee

Juzi, kwenye kliniki moja ya Kitale, nesi alimzuia mlangoni mama aliyeajiriwa kumtunza mzee nyumbani.

"Wewe si familia. Aingie kijana wake."

Mlango ulibaki wazi, sisi tuliokuwa kwenye foleni tukasikia yote. Daktari aliuliza kama mzee huwa anaanguka.

"Hapana, daktari," akajibu mwanawe, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Bungoma.

"Nilianguka Jumapili, bafuni," mzee akamkatiza. "Si umuulize huyo mama aliyeniinua?"

Nesi akatoka, akamwita mama kwa kidole. Kijana akampisha, akaja kuketi kando yangu.

"Ati Jumapili," akaninong'oneza. "Na tuliongea kwa simu jioni hiyo hiyo, akasema yuko sawa."

Mimi pia nina mama yangu kule Saboti, na kila nikimpigia huniambia yuko sawa.