Jiwe Lililong'olewa Kabla ya Kupimwa

Wenzake walimwita Mama Brashi, maana kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akifukua makazi ya watu wa kale kwa brashi, hadi magoti yakaota sugu. Siku moja likachomoza shoka la jiwe kwenye ukuta wa shimo. Akaenda kuchukua tepu apime kina chake. Aliporudi, alimkuta mkurugenzi wa uchimbaji ameshaling'oa, amelinyanyua juu, anapigwa picha.

"Lilikuwa kwenye tabaka gani la udongo?" Mama Brashi akauliza.

"Tulia, mama. Jiwe si hili hapa?"

"Jiwe naliona! Udongo uliolifunika ndio ungetuambia ni la zama zipi. Sasa ni kokoto tu, bosi. Umemziba mdomo aliyelichonga!"

Mkurugenzi akacheka. "Andika tabaka la tatu, yaishe."

Damu ikamchemka Mama Brashi. Akafungua daftari la kumbukumbu za shimo, akaandika kwa wino: "Limeng'olewa na mkurugenzi kabla ya kupimwa. Tabaka halijulikani." Akaamriwa auchane ukurasa huo, akakataa katakata. Kesho yake akahamishiwa stoo kuosha vigae vya vyungu vya kale. Hasira haijamtoka. Wageni wakilisifia jiwe lile kwenye kabati la maonyesho pale stoo, huwafungulia daftari lile wajisomee wenyewe.